Gauni la Kumficha Shiru

Awuor alikuwa na chumba cha kushonea Kariobangi South, Nairobi, kilichobanwa kati ya karakana ya kuchomelea vyuma na duka la vitambaa la Hibaq. Wanawake walimfuata hata kutoka mtaa wa Kware kwa sababu ya macho yake. Ukiingia, hakukimbilia kukuuliza unataka mshono gani, alikutazama kwanza. Mwenye nyonga pana na miguu mifupi alimkatia kiuno juu, chini kidogo ya matiti, kitambaa kishuke chenyewe. Mwenye mabega mapana alimfungulia shingo na kumkataza kabisa mikono ya puto, ile iliyofura begani. Aliyejifungua juzi, tumbo bado halijarudi, alimwambia asilibane, maana nguo ikibana ndipo watu wanapotazama. Wengi walitoka pale wakitembea vingine.

Shiru aliletwa na mchumba wake, Caleb, mwezi wa tano, kushonewa gauni la harusi. Alikuwa msichana mrefu, mwembamba, mwenye shingo ndefu, na Awuor alipomwona tu alishaliona gauni lake: mabega wazi, kiuno kimeshikwa, rinda lisilo na makuu. Akaanza kueleza. Caleb alikuwa ameketi karibu na mlango na simu mbili mkononi, yake na ya Shiru. Bila kuinua uso akasema shingo ifungwe hadi kidevuni na mikono ifike kwenye viganja. Awuor akamweleza kwa upole kwamba mshono huo ungemharibia Shiru ile shingo nzuri.

"Mama, nimeshasema," Caleb akajibu. Hakupaza sauti. Shiru alitazama sakafu, akakubali kwa kichwa.

Nyuma ya pazia, msichana alipoinua mkono apimwe kwapa, Awuor aliziona alama za vidole, kijani zinazoelekea kuwa manjano. Juu ya bega kulikuwa na nyingine, mbichi. Ndipo akauelewa mshono ule. Alitaka kuuliza, lakini kiti cha mlangoni kililia, na hatua zikasogea hadi karibu na pazia, zikasimama. Akataja kipimo kwa sauti, kama fundi mwingine yeyote.

Siku zilizofuata alijiambia kwamba hayo hayamhusu. Aliishi mtaa wa Tena na binti yake, Whitney, peke yao, na mwanamume wa namna ile ukimuudhi anajua unapofungua na unapofunga. Caleb naye akaanza kumpigia simu. Gauni limefika wapi? Shiru alisema nini alipokuwa akipimwa? Mara ya mwisho alimuuliza Whitney yuko kidato cha ngapi. Awuor hakuwa amewahi kumtajia binti yake.

Walirudi kujaribu gauni Jumamosi mchana. Ndani kulikuwa na wanawake wa kwaya waliokuja kuchukua sare, kwa hiyo Caleb aliketi nje, kwenye benchi iliyo mlangoni. Pazia lilipofungwa, Shiru alimshika Awuor mkono.

"Mama, huyu mtu ataniua," alinong'ona. "Leo nikirudi naye, sijui kama nitafika kesho."

Mlango ulikuwa ule mmoja tu. Nyuma kulikuwa na ukuta mtupu. Alifikiri kupiga simu polisi, akaona Caleb angeingia kabla hawajafika. Kisha macho yake yakatua kwenye gauni lililoning'inia ukutani, la mteja mmoja mnene aliyelileta lifumuliwe kwa sababu lilimfanya aonekane gunia.

Akafanya yote aliyokuwa akiwakataza wanawake. Alimzungushia Shiru mabaki ya vitambaa kiunoni na mapajani, akamwekea sponji za mabega mbili mbili, akamvika lile gauni la maua makubwa, lililoishia kati ya goti na kifundo na kuifanya miguu yake ionekane mifupi. Shingo ndefu aliizika ndani ya shali. Kitambaa cha kichwa akakishusha hadi kwenye nyusi. Viatu virefu akavivua, akampa ndala zake mwenyewe.

"Usinyanyue miguu, buruta," alimwambia. "Na usimwangalie."

Shiru alitaja shangazi yake aliyeko Nyahururu; Awuor akampa nauli ya kufika huko, na kikapu cha kushika mbele ya tumbo. Wanawake wa kwaya walipoanza kutoka, akamsukuma kati yao. Nao waliona, wakaelewa kitu, wakaendelea kutoka naye.

Kutoka kwenye upenyo wa pazia Awuor alimwona Caleb akiwakagua mmoja mmoja. Macho yake yalimfikia Shiru, yakasimama. Kisha Caleb akavuta miguu yake chini ya benchi kumpisha.

"Pita, mama," akasema, akarudi kwenye simu.

Awuor alikaa kwenye cherehani, akashona kipande cha kitambaa bila uzi, ili sauti isikike. "Geuka kidogo, mrembo," aliliambia pazia tupu. Aliendelea hivyo hadi kivuli kilipoanguka juu ya meza.

Caleb alilivuta pazia. Gauni jeupe lilikuwa limelala sakafuni. Akauchukua mezani mkasi mkubwa wa kukatia.

"Yuko wapi?"

"Alitoka."

"Ulimwambia nini?"

Ncha ya mkasi ilikuwa karibu sana na uso wake. Hibaq alichungulia mlangoni, akaona, akapiga kelele kumwita Obonyo, fundi wa vyuma. Obonyo akaja na vijana wake, wakaziba mlango. Caleb aliwatazama, akaurudisha mkasi mezani taratibu.

"Msalimie Whitney," akasema, akapita katikati yao.

Awuor alikimbia hadi Tena peku. Alimkuta binti yake akianika nguo, akamkumbatia hadi mtoto akaogopa naye. Kesho yake akampeleka Siaya kwa dada yake, na Jumatatu akaenda kuandikisha taarifa polisi, Hibaq na Obonyo wakiwa mashahidi. Shiru alipiga simu kutoka Nyahururu, kwa simu ya shangazi yake: alifika salama, na yeye pia ameripoti. Caleb alikamatwa, akaachiliwa kwa dhamana. Kesi haijaisha.

Whitney amerudi nyumbani na shuleni. Awuor bado anashona, lakini mwanamume yeyote akisimama mlangoni mguu wake unaganda kwenye pedali. Na siku hizi, mteja akishaingia nyuma ya pazia, kabla ya kumpima humuuliza kwa sauti ya chini kama kuna mahali panapomuuma. Kila mara huliogopa jibu, lakini huuliza.