Osuri Iliyokatwa Mzee Akiwa Hai

Siku yangu ya kwanza kazini nilichekwa kwa sababu ya misumari. Nilikuwa nimetoka Sori, ambako nilikuwa nikiunda masanduku ya samaki, nikaajiriwa katika karakana moja mjini Migori iliyotengeneza makasha ya kusafirishia kazi za sanaa. Nikapigilia kasha langu la kwanza kwa nguvu zangu zote. Msimamizi wa karakana, mama mkali asiye na maneno mengi, akaniuliza kama ndani kuna dagaa wa omena. Kasha la sanaa, akanieleza, hufungwa kwa skrubu, kwa sababu litafunguliwa na kufungwa tena mara nyingi, na kila pigo la nyundo hukifikia kilichomo.

Vijana wanaoniuliza ile ilikuwa kazi gani, nawajibu kwamba ilikuwa ni kuhakikisha kitu kinafika kama kilivyotoka. Mbao zilikaushwa kwa joto na kupigwa muhuri, ili watu wa forodha kule ng'ambo wasiseme tunawapelekea wadudu. Ndani tuliweka sponji, tukaichonga ifuate umbo la kazi yenyewe. Tulivaa glavu za pamba, maana jasho la kidole huacha alama kwenye rangi. Yule mama alinifundisha yote hayo kwa kunigombeza, nami hadi leo namshukuru.

Alipostaafu, nilihamia Homa Bay, kwenye nyumba ya sanaa ya bwana mmoja ambaye sote tulimwita Mkurugenzi. Alikuwa mtoto wa huku huku, amezaliwa si mbali na ziwa, akasomea ng'ambo, akarudi na marafiki wengi. Kazi yake ilikuwa kuwapeleka wasanii wetu kwenye maonyesho ya kimataifa. Huko kila nyumba ya sanaa hukodi kibanda chake, ukumbi ukawa kama soko, ila wanunuzi hunong'ona badala ya kubishana bei. Nilisafiri naye kama fundi wa kufungua makasha na kusimamisha kazi. Nilimheshimu sana mtu yule, na hilo bado linanikera.

Kisha akaja Achieng, msanii kutoka Lambwe. Baba yake, Mzee Odero, alikuwa anaezua nyumba yake ya nyasi aweke mabati. Achieng akaomba kilele cha lile paa la zamani, pamoja na osuri yake, akipeleke kwenye maonyesho kikiwa kizima.

Kwa asiyejua, osuri ni mti unaochomoza juu kabisa ya nyumba ya mwenye boma. Ukiuona umesimama, mwenyewe yuko hai. Akifa, huvunjwa, na mpita njia hahitaji kuuliza kuna nini.

Mzee hakukataa. Alituita mimi na bintiye, akasema, "Mimi nawaazima tu. Iende imesimama, irudi imesimama." Nikampa neno langu. Nikaunda kasha refu kuliko yote niliyowahi kuunda, ili osuri ising'olewe hata safarini. Ilifika salama. Nilikisimamisha kile kilele kwa mikono yangu, na Achieng akakizunguka akicheka peke yake kwa furaha.

Lakini ukumbi ule ulikuwa na sheria ya kimo, yaani kazi isipite ukuta wa kibanda. Mkurugenzi aliijua sheria hiyo tangu tukiwa Homa Bay, akanyamaza, kwa sababu alijua Achieng angekataa kuja. Siku ya kuamkia ufunguzi, Achieng akaitwa kuhojiwa na waandishi, nami nikatumwa taa. Niliporudi nikakuta osuri imekatwa kwa msumeno, imelazwa chini kando ya makasha. Mkurugenzi alikuwa anajipangusa vumbi la mbao kwenye suti.

Nilimuuliza kama amesahau yeye ni mtoto wa nani.

"Fundi, hapa hakuna Mjaluo," akasema. "Hawa watu hawajui osuri ni nini. Tunaojua ni sisi watatu tu, na hakuna atakayesema."

Ningemsamehe kama angekuwa hajui. Mgeni hukosea, unamweleza, yanaisha. Huyu alijua maana yake yote, akashika msumeno. Tena akakipiga picha kilele kisicho na osuri, akaisambaza kwenye mitandao kwa majivuno.

Asubuhi ya ufunguzi simu ya Achieng haikutulia. Shangazi yake wa Oyugis alikuwa ameiona ile picha. Akaamini kaka yake amefariki na familia imemficha, akafunga safari hadi Lambwe akilia njia nzima, na majirani wakamfuata. Mzee Odero alikuwa anakunywa uji wake aliposikia jina lake likiombolezwa langoni. Alitoka akasimama mbele yao, mzima, na bado wengine waliogopa kumpa mkono.

Achieng alimwomba Mkurugenzi aturuhusu tuirudishe. Akajibu kwamba mnunuzi anakuja, na amependa kazi ilivyo. Achieng hakubishana naye tena, akanigeukia mimi.

"Baba Awino, mimi ni mwanamke, siwezi kupanda paa la babangu. Panda wewe."

"Fundi, ukipanda hiyo ngazi, job yako imeisha," Mkurugenzi akasema. "Usikanyage tena kwangu."

Nilipanda. Niliiunga osuri kwa skrubu na vibao viwili. Nilipokuwa nashuka, wakaguzi wa ukumbi walikuwa wameshafika. Walikifunika kibanda chetu kwa pazia jeusi, na hakuna mgeni aliyekiona kilele kile hadi maonyesho yakafungwa. Nyuma ya pazia Achieng alimpigia baba yake simu ya video. Mzee aliitazama osuri kwa muda mrefu, kisha akaigeuza simu yake upande wa waombolezaji waliojaa uani, wajionee wenyewe.

Hivyo ndivyo nilivyostaafu, bila soda wala hotuba. Achieng hajaalikwa popote tangu siku hiyo, kwani wenye nyumba za sanaa wanaambiana kuwa ni msumbufu. Mkurugenzi anaalikwa kila mahali kuzungumzia utamaduni wetu, na watu wanampigia makofi. Jambo hilo linanichoma moyo kila nikimsikia redioni.

Kilele kilirudi katika kasha lile lile. Mzee akataka osuri iwekwe juu ya mabati, na kovu lake. Ilisimama hapo hadi alipofariki kweli, mwaka jana. Siku hiyo mwanawe mkubwa alipanda kuivunja, nasi tukasimama uani tukitazama juu. Mkurugenzi alikuwepo, amevaa vizuri, amejipenyeza hadi mbele. Kijana aliposhika ule mti, yeye akainua simu.

Nilikwenda nikasimama mbele yake, nikaiziba kwa kiganja.

"Fundi, ni kumbukumbu tu," akasema kwa sauti ya chini.

"Wewe ulishamzika kitambo," nikamwambia. "Tuache na sisi tumzike."