Pembe Zilifika Salama

Agripina Kemilembe alikwenda Guangzhou kusomea shahada ya uzamivu, na kwa miaka mitatu hapakuwa na mtu kwao Karagwe aliyejua sawasawa anasomea nini. Kosa lilikuwa lake. Alipoomba ufadhili alijaza uhandisi wa vyuma vya ndege. Barua ya majibu ikaja na uhandisi wa vifungashio. Yeye, mhadhiri wa chuo kikuu Dar es Salaam, mwanamke wa miaka thelathini na minne, Mhaya wa kuzaliwa na kukulia, angesimamaje mbele ya ukoo mzima uliochinja mbuzi wa kumuaga aseme anakwenda China kusomea mabox? Akasema anakwenda kusomea vyuma, akawaacha wadhani ni vya ndege.

Na kweli vilikuwa vyuma. Utafiti wake ulihusu kile kipande chenye nyuso tatu kinachopigiliwa kwenye pembe ya kasha la mbao ili likidondoshwa lisipasuke. Kipande chenyewe kinaenea kiganjani.

Siku moja alijisahau akamwambia kaka yake Jovitus kwenye simu kwamba anatafiti pembe. Hazikupita siku mbili, baba mdogo akampigia, anaongea kwa kunong'ona.

"Mwanangu, hizo pembe achana nazo. Huko watakufunga, na ukirudi huku watakufunga tena."

Ilimchukua nusu saa kumweleza kwamba hakuna tembo aliyeguswa.

"Kwa hiyo ni pembe za sanduku?"

"Ndiyo, baba."

Mzee akaacha kunong'ona. "Basi usimwambie mtu."

Kwenye maabara ya chuo, lakini, Agripina alikuwa mtu. Kulikuwa na mashine ya kunyanyua kasha juu na kuliachia, na yeye alikwisha kuliachia mara mia nne na kumi na mbili, kila mara akiandika namna lilivyoumia. Alijua chuma cha unene gani huhimili nini, pembe yenye matundu matatu inazidiwaje na yenye matundu sita. Tatizo lake lilikuwa moja: hapakuwa na mtu wa kumwambia. Ujuzi ulimjaa kifuani kama gesi.

Ndiyo maana Jumapili moja ya Machi, baada ya misa katika kanisa la mawe la Shishi, alipomsikia Mildred akilalamika, moyo ulimruka.

Mildred alikuwa mfanyabiashara wa Nairobi. Alikuja Guangzhou mara mbili kwa mwaka kununua vioo vikubwa vya saluni, vile vya kuzungushiwa taa, na kila alipokuja alisali Shishi. Walikuwa wametoka kanisani wakiteremka barabara ya Yide Lu, katikati ya maduka ya samaki wakavu na midoli ya watoto. Ilikuwa ule msimu ambao kuta za Guangzhou hutoka jasho: vigae vinatiririka, nguo hazikauki, mkate unaota ukungu kabla hujaumaliza.

"Mzigo wa mwisho vioo vinne vilivunjika," Mildred alisema. "Vinne! Na niliwaambia waandike *fragile* pande zote."

"Pembe zilikuwa za unene gani?" Agripina akauliza.

"Pembe gani?"

Hapo ndipo Agripina aliposimama katikati ya njia. Mwenyewe, akisimulia leo, husema kwamba kama angetokea msamaria mwema wa kumziba mdomo, historia ingekuwa nyingine. Hakutokea. Alimhutubia Mildred kwa dakika ishirini mbele ya duka la pweza mkavu, akichora kwa kidole kwenye kioo cha duka kilichoota umande: hapa ndipo kasha linapopigwa, hapa ndipo nguvu inapopita, hapa ndipo ufa unapoanzia. Mwenye duka alitoka akamtazama, akarudi ndani.

"Kumbe wewe ndiye nimekuwa nikiombea hapo ndani," alisema Mildred. "Daktari, shipment hii ni yako. Niambie wafanye nini."

Hakuwa daktari bado. Hakumsahihisha.

Jumatatu yake walikwenda jengo la Tianxiu Dasha, ghorofani, ofisini kwa Mzee Msabaha, wakala wa mizigo mwenyeji wa Mombasa aliyekaa mji huo tangu nywele zake zikiwa nyeusi.

"Shikamoo, Mzee Msabaha."

"Marahaba, bibie. Nasikia umetuletea elimu."

"Kidogo tu, mzee," Agripina alijibu, kwa sauti ya mtu asiyeamini kuwa ni kidogo.

Msabaha aliwapeleka kwenye ghala lake nje ya mji. Makasha yote ya hapo yalitengenezwa na fundi mmoja mfupi kutoka Hunan, aliyeitwa Liang, na kila mtu alimwita Liang shifu, yaani Fundi Liang. Alikuwa na penseli sikioni na kidole kimoja cha mkono wa kushoto kilichokosa kucha. Agripina alifungua begi akatoa kipimio chake cha unene, kalamu mbili, na pembe thelathini na mbili za chuma cha milimita mbili alizozichagua mwenyewe. Nzito, zinang'aa, kila moja na matundu sita ya skrubu. Fundi Liang alizipima mkononi akatikisa kichwa kwa heshima. Kisha akaweka kiganja juu ya mbao zilizopangwa ukutani, akazipigapiga.

"Shi," alisema. "Shi! Shi!"

Agripina alikuwa amesoma Kichina mwaka mzima. Neno la kwanza alilofundishwa lilikuwa *shi*: ndiyo.

"Shi, shi!" akamjibu kwa furaha.

Fundi akamtazama, akazipiga mbao kwa nguvu zaidi. "Shi!"

"Shi!"

Liang shifu akamgeukia Msabaha, lakini Msabaha alikuwa kwenye simu akigombana na mtu wa meli. Fundi akainua mabega, akaanza kazi.

"Unaona?" Agripina akamnong'oneza Mildred. "Hata fundi anakubali."

Makasha manne yakatoka, kila moja na pembe nane, na ndani yake vioo vitatu vikubwa. Mildred alipiga picha. Agripina alipiga picha zaidi. Usiku huo alimwandikia profesa wake barua pepe ya kurasa mbili akimweleza kwamba utafiti umetoka maabara na kuingia maishani.

Mildred akarudi Nairobi kwa ndege, mzigo ukaenda Mombasa kwa meli, kisha ukapanda lori hadi bara. Mwisho wa Aprili, Agripina akiwa maabara anaandaa kasha la mia nne na kumi na tatu, simu ikalia. Ilikuwa ya video. Mildred alikuwa amesimama dukani kwake, na nyuma yake wanaume wawili walikuwa wakifagia.

"Daktari! Habari ya masomo?"

"Nzuri sana, dada. Mzigo umefika?"

"Umefika. Nataka nikupongeze. Hizi pembe zako zimefika salama kabisa. Aki sijawahi kuona pembe zimefika salama hivi."

Akanyanyua moja mbele ya kamera. Ilikuwa inang'aa kama siku iliyotoka kiwandani, haina hata mkwaruzo. Skrubu zake sita zilikuwa zimening'inia matunduni, zimebeba unga wa mbao. Hapakuwa na mbao yoyote iliyoshikana nayo.

"Tuliziokota chini ya kontena," Mildred aliendelea kwa upole uleule wa kutisha. "Zote thelathini na mbili. Hakuna iliyopotea. Box zenyewe zililala upande kama mtu amelewa. Vioo, vimebaki viwili."

"Viwili vimevunjika?"

"Viwili vimebaki, Daktari."

Agripina alisema pole. Akasema tena. Mildred alisema ana wateja wanangoja, akakata.

Kwa siku tatu Agripina hakula vizuri. Siku ya kwanza aliwalaumu wapakuzi wa bandarini. Siku ya pili akalaumu dereva wa lori na mabonde ya barabara. Siku ya tatu aliandaa maelezo ya kitaalamu yenye grafu kumi na moja, akayasoma upya, akaona kwamba katika grafu zote kumi na moja mwenye akili alikuwa yeye. Akayafuta. Akapanda metro, kisha basi, akaenda kwa Fundi Liang.

Safari hii hakubeba kipimio. Alimwonyesha picha alizotumiwa na Mildred. Liang shifu aliitazama ile ya skrubu, akaguna, akainuka kwenda kwenye ndoo ya maji. Akachovya kipande cha mbao, akakitoa kikichuruzika, akakiweka mbele ya pua ya Agripina.

"Shi," alisema.

Agripina alikodoa macho. Halafu akalirudia neno lile mwenyewe, polepole. Yapo maneno mawili. *Shi* ya kuteremsha sauti kwa ghafla ni ndiyo. *Shi* ya sauti iliyonyooka juu, bila kushuka, ni majimaji. Alifundishwa tofauti hiyo wiki ya pili, akaipata katika mtihani, akapewa alama tisini na saba.

Mzee wa watu alikuwa akimwambia mbao zimelowa. Alikuwa akipiga kelele kwamba zimelowa. Na yeye alikuwa akimjibu: ndiyo, ndiyo, ndiyo!

"Nilidhani wataka hivyo," Fundi Liang alisema polepole, kwa Kichina cha kumwonea huruma. "Msomi. Nikasema labda kuna sababu."

Mambo mengine akayaelewa bila kuambiwa. Mbao ile ilivimba kwa unyevu wa Machi. Skrubu ziliingia kama zinaingia kwenye mkate. Jua la Mombasa lilipolikausha kasha ndani ya kontena, mbao ilisinyaa, matundu yakalegea, na kila mtikisiko ukazitoa skrubu kidogo kidogo. Kadiri chuma kilivyokuwa kigumu, ndivyo kilivyokataa kwenda na mbao. Kwenye maabara jambo hilo halikutokea hata mara moja, kwa sababu maabara ilikuwa na kiyoyozi usiku na mchana, na mbao zake zilikuwa kavu kama biskuti. Makasha mia nne na kumi na mbili, na hakuna hata moja lililowahi kutoka nje.

"Nifundishe, shifu," akasema.

Fundi akampa nyundo. Pigo la tatu lilitua kwenye dole gumba. Liang shifu alimwonyesha kidole chake kisicho na kucha, akacheka mpaka penseli ikamdondoka sikioni.

Jioni hiyo alimpigia Mildred. Hakueleza unyevu wala kusinyaa kwanza.

"Dada Mildred, fundi aliniambia mbao zimelowa. Mimi nikasikia ananisifu."

Kwenye simu kikatoka kicheko kilichomfanya asogeze simu mbali na sikio.

"Sasa wewe," Mildred alisema alipopata pumzi, "mimi nilikuwa nimekupangia matusi ya wiki nzima, unaniharibia. October nakuja kwa fair. Hizo box utatengeneza kwa mkono wako. Na sitaki kusikia neno, nataka kuona."

Kuanzia Mei, Jumamosi zote zilikuwa za ghalani. Alijifunza kupima mbao kwa kuigonga na kusikiliza. Alijifunza kutoboa tundu kwanza kabla ya skrubu, na kwenye pembe kutumia msumari mrefu unaotokea upande wa pili, kisha kuikunja ncha yake ishike kama kulabu. Alijifunza kwamba bati jembamba linalokubali kupinda kidogo lilimfaa Mildred kuliko ule mzigo wa milimita mbili. Alivunja mbao nyingi. Wafanyakazi wa ghala walimbandika jina, Boshi, yaani Daktari, na walilitumia hasa alipopigilia kitu kichwa chini.

Profesa wake hakufurahi aliposikia sura mbili za tasnifu zinaandikwa upya. Alifurahi kidogo alipoziona. Agripina alimpigia na mama yake huko Karagwe, akaamua safari hii kusema kweli yote: si ndege, ni masanduku, na sasa si pembe za sanduku tena bali ni maji yaliyo ndani ya mbao za sanduku.

"Kumbe," mama akasema. Akafikiri. "Na huko wana mtu mwingine anayejua hayo?"

"Wapo, mama. Fundi mmoja alikuwa anajua kabla yangu."

"Huyo usiwatajie watu wa huku."

Oktoba Mildred akafika. Siku mbili alizunguka Pazhou kwenye maonyesho ya biashara hadi visigino vikavimba, siku ya tatu akaja ghalani, akakuta makasha matano yamekamilika. Aliyazunguka. Akasukuma moja kwa goti. Akamwomba mwendesha foklifti alinyanyue moja tupu kiasi cha kiuno na kuliachia.

"Dada, jamani—"

"Achia!"

Lilianguka kwa pembe, likaruka, likakaa. Pembe ikabonyea kama bakuli la bati la jikoni. Kasha halikufunguka. Fundi Liang aliinama, akaingiza ukucha kwenye kiungo, ukucha haukupita. Hakusema lolote, akaenda kunywa chai.

"Imebonyea," Agripina alisema kwa unyonge.

"Wacha ibonyee," Mildred akasema. "Mimi nauza vioo."

Mzigo ulitoka wiki iliyofuata. Mwanzoni mwa Desemba, saa sita mchana, Agripina akiwa kwenye foleni ya bwalo la chuo, ujumbe ukaingia kutoka Nairobi. Vioo vyote kumi na tano vizima. Pembe mbaya kweli, zimekunjamana, mbili zimeingia kutu. Mildred alituma na picha ya mteja wake wa kwanza akijitazama.

Agripina aliusoma mara tatu. Alikuwa ameapa, tangu Aprili, kwamba likifanikiwa jambo hili hatamwambia mtu; atanyamaza kama Fundi Liang na kwenda kunywa chai. Alirudisha simu mfukoni, akanyoosha mgongo, akatazama mbele. Foleni ikasogea hatua moja. Ikasogea ya pili. Alipofika kwenye sufuria la wali alimgeukia mwanafunzi wa Kivietinamu aliyekuwa nyuma yake, kijana ambaye hakuwahi hata kusalimiana naye, akamuuliza kwa Kichina, kwa sauti zote zikiwa mahali pake, kama amewahi kufikiria namna unyevu unavyoathiri pembe ya kasha la mbao.

Kijana alisema hapana.

"Shika sahani yako," Agripina akamwambia, "twende tukakae pale."