Majani Ndani ya Jiwe

Lori la makaa ya mawe likipita na mvua hapa barabarani tulikohamishiwa, harufu ya jiwe lililolowa hunirudisha shambani kwa bibi, kule mlimani. Ilikuwa miaka ya ruksa, serikali ilipofungulia milango ya biashara. Wageni wenye nyundo walichimba handaki kando ya ngolo zetu, yale mashimo tunayolimia, wakitafuta makaa. Mmoja akapasua jiwe jeusi. Ndani mlikuwa na majani yamelala, mishipa yake yote ikionekana. Nikayagusa, yalikuwa ya baridi.

Bibi hakuyagusa. Yeye kila msimu alilaza nyasi zilizokatwa, akazifukia kwa udongo, ndipo akapanda.

“Mwanangu,” akamuuliza yule mgeni, “nani aliyafukia haya?”

“Hakuna, bibi. Yalijifukia yenyewe, kabla watu hawajakuwapo duniani.”

“Majani hayajifukii. Hapa palikuwa na shamba la mtu.”

Yule bwana akacheka, akanipa jiwe. Bibi akaninyang'anya, akalirudisha handakini taratibu, kama anarudisha mali ya watu. Kisha akatwaa jembe, tukashika njia ya nyumbani.

Njiani nikamuuliza mbona tumeacha kazi katikati.

“Huyo aliyelima kwanza,” akasema, “nani alimwondoa?”