Skii za Mdogo Wangu

Picha tatu ziliingia kwenye simu nikiwa katikati ya kusuka kichwa cha mteja, vidole vimejaa mafuta. Nilidhani ni mbao za kitanda. Kumbe ni skii, zile mbao ndefu ambazo watu huzifunga miguuni wakateleza juu ya theluji, na aliyezituma ni mdogo wangu wa mwisho, anayeishi Kanada na shangazi yetu.

Mimi nasuka nywele katika saluni ya Umbilo Road, hapa Durban. Theluji naijua ya kwenye friji tu. Lakini mtoto huyo nilimlea mimi tangu mama yetu alipofariki Bukavu, na kila alichovaa nilikichagua mimi: viatu, sweta, hata kofia aliyopanda nayo ndege. Alipofika huko akaacha kuniuliza. Kila nilipopiga simu ilikuwa "iko sawa, yaya", basi. Kwetu yaya ni dada mkubwa, na dada mkubwa asiyeulizwa kitu sijui anabaki kuwa nani. Kwa hiyo nilifurahi kupita kiasi, na nikaogopa vilevile. Nikikosea, hataniuliza tena.

"Unisaidie kuchagua," alisema nilipompigia. "Iko ya nyembamba, ya katikati na ya upana. Nataka moja tu ya kufanya vyote: kuruka ku park, na kushuka mu theluji ya laini."

"Kamata ile ya upana," nilijibu papo hapo. "Kitu ya upana haiangushe mutu."

Hivyo ndivyo nilivyomnunulia viatu miaka yote: chukua kikubwa, mtoto atakua. Akacheka sana. "Fikiri kwanza, yaya. Haina haraka."

Karibu na saluni kuna duka la vitu vilivyotumika, mahema na mbao za kutelezea mawimbi, na dirishani niliwahi kuona skii nikadhani ni pambo. Mwenye duka, mzee wa Kihindi, aliwahi kuteleza kwenye milima ya Lesotho, na alifurahi mno kupata wa kumweleza. Skii pana inaelea juu ya theluji mpya, iliyo nyepesi kama unga, nyembamba inazama. Moyoni nikashangilia. Kisha akaharibu. Kwenye park, alisema, theluji imeshindiliwa ikawa ngumu, kuna vilima vya kurukia na vyuma vya kutelezea, na huko skii pana ni nzito, inachelewa kugeuka. Halafu skii ya huko inatakiwa iwe imepinda mbele na nyuma pia, ili mtu aweze kushuka kinyumenyume.

Kinyumenyume! Baada ya neno hilo sikusikia mengine vizuri. Nilimuuliza ipi ni nzuri, akasema inategemea. Inategemea nini? Inategemea mtu mwenyewe. Eish. Mimi nilikuja kutafuta jibu, naye ananirudishia swali.

Nilitembea na swali hilo wiki nzima. Nilisuka mstari mpana nikaona skii, nikasuka mwembamba nikaona skii. Mwenzangu wa saluni, Mrundi mwenye mdomo, alinicheka waziwazi: "Wewe, baridi ya Juni hapa Durban inakufungia mu blanketi, ndiyo utamufundisha theluji?" Nilimwambia anyamaze, lakini alisema kweli. Mwishowe nikaamua ya katikati, si kwa kuwa nilielewa, ila nilichoka kuogopa pande zote mbili.

Nilimpigia mdogo wangu nikiwa kazini, simu juu ya meza, sauti wazi.

"Ya katikati," nikasema. "Ile ya upana ni muzito ku vile vyuma."

"Asante, yaya. Ulitafuta kweli. Lakini nitakamata ya upana."

"Si ndiyo nilikuambia mwanzo?"

"Ndiyo. Lakini wewe ulisema juu ya kuanguka. Mimi napenda zaidi siku theluji inaanguka mingi. Ku park nitaanguka, nitazoea."

Kanikatalia au kanikubalia? Amechukua nilichomwambia, lakini si kwa sababu yangu. Nilitaka kumkaripia na sikupata kosa. Aliongea taratibu, kama mtu aliyekwisha kupima, na nilihisi uchungu waziwazi, na fahari iliyochanganyika nao nikashindwa kuitenga.

"Sawa," nikasema. "Chunga magoti."

Mteja alikuwa amesikia yote. Alinitazama kwenye kioo. "Ni mutoto yako?"

Miaka yote nimejibu ndiyo, hata ofisini, hata kanisani. Nilichukua kitana.

"Hapana," nikasema. "Ni ndugu yangu."