Matuta ya Nyikani

Shuleni tulifundishwa kwamba nyika ni nchi kavu ya nyasi na miti michache. Maelezo ya mama yalikuwa mafupi zaidi: "Chakula kilicholala."

Miaka hiyo serikali ilikuwa imeruhusu biashara huria. Maduka ya Sumbawanga yalijaa sabuni za kila rangi, lakini mbolea ya ruzuku ilitoweka, na mahindi ya shamba letu la Izia yakadumaa, majani ya manjano. Mama, aliyetulea peke yake, akaamua turudi kwenye intumba, matuta ya duara ya Wafipa. Unakata nyasi mbichi kwa jembe pamoja na mizizi, unazirundika, unazifukia zioze. Mwaka unaofuata unayatawanya matuta na kupanda ulezi. Yakivurugwa mapema, hakuna ulezi, na sisi hatukuwa na tegemeo lingine.

Nyika yenyewe ilikuwa njia ya ng'ombe wa Msukuma mmoja aliyehamia karibuni. Tulipomaliza matuta tulingoja kwato kwa hofu. Ajabu, kila asubuhi kundi lilifika ukingoni, likazunguka kwa mbali, na yule baba akavua kofia.

"Ana adabu," mama alisema, asielewe zaidi.

Kisha siku moja tukawa tunapanda maharage juu ya matuta, yakue huku nyasi zikioza chini. Yule Msukuma akaja mbio, fimbo juu.

"Mama! Mnapanda maharage juu ya marehemu?"

"Marehemu gani, baba?"

"Hawa! Nikasema, ugonjwa gani huu umemaliza kijiji? Na Wakatoliki nyie, hata misalaba hamkuweka!"

Mama alikaa chini kwa kicheko. "Baba we, humo nimezika nyasi."

"Nyasi? Malisho ya ng'ombe wangu?"

"Hayo hayo. Pole kwa msiba."

Mimi sikucheka. Kama hapakuwa na wafu, nini kingemzuia sasa? Aliyatazama matuta, akawatazama ng'ombe wake, waliokwisha kuanza kuzunguka wenyewe.

"Wameshazoea," alisema. "Nikiwapitisha hapa leo, wataniona mimi ndiye sina akili."

Hakuwapitisha, si siku ile wala baadaye. Kwa hilo namshukuru mpaka leo, maana hatukuwa na cha kumzuia ila hiari yake.

Mwaka uliofuata tuliyatawanya matuta, tukapanda ulezi, tukavuna. Ugali wa ulezi ulikuwa mzito, mwekundu kama udongo uliouzaa. Mama alinimegea tonge la kwanza, akajaza bakuli la jirani yetu Msukuma, akanihimiza nikimbie nalo kabla halijapoa.