Anayepima Uchovu wa Wachezaji wa Raga

Saa nane mchana, chumba cha kubadilishia nguo kinanuka dawa ya kuchua misuli. Mwanamke mfupi anapita benchi kwa benchi akichomeka kifaa kidogo, mfano wa kiberiti, kwenye fulana ya kila mchezaji, katikati ya mabega.

"Inama, we mlingoti," anamwambia mmoja. "Sikuja na ngazi."

Wanamwita Dada Mizani. Mechi ikianza, vifaa hivyo humletea habari kwenye kompyuta yake pembeni mwa uwanja: nani amekimbia kiasi gani, kwa kasi gani, amegongwa mara ngapi.

Zamani alikuwa mwalimu wa michezo shuleni. Kaka yake ndiye aliyekuwa akicheza raga, hadi alipoumia katika mechi ambayo hakutaka kutolewa.

"Alisema hajachoka," anasimulia. "Kocha akamwamini, na sisi nyumbani tukamwamini. Goti halikumwamini." Leo kaka huyo anatembelea mkongojo. Dada yake akarudi chuoni kusomea kazi hii.

Msimu uliopita kazi hiyo ilimtia majaribuni. Ilikuwa nusu fainali, timu yake ikiongoza kwa pointi mbili. Aliona kasi ya nahodha ikishuka, na kila akiangushwa anakawia kuinuka. Akamfuata kocha.

"Nahodha amekwisha."

"Mbona anakimbia?"

"Anajikaza kisabuni tu. Mtoe."

Kocha akamtoa. Dakika za mwisho wapinzani wakapenya palepale alipokuwa akikaba nahodha, na mechi ikapotea. Mashabiki, waliomwona akimfuata kocha, walimporomoshea matusi Dada Mizani mpaka getini. Nahodha alivua fulana, akaitupa miguuni pake. "Umetufungisha," alimwambia.

Nyumbani alimkuta kaka yake. "Alinimiminia chai. Halafu akasema, 'Ningekuwa mimi, ningekuchukia pia. Lakini ningekuwa natembea bila mkongojo.'"

Wiki kadhaa nahodha hakumpa hata salamu. Kisha siku moja, baada ya mazoezi, akaketi kando yake na kuomba aoneshwe ile mechi kwenye kompyuta. Aliutazama mstari wa kasi yake ukiporomoka, akautazama tena.

"Mbona mimi sikuhisi?" aliuliza.

"Mechi ikikolea, huhisi kitu."

Mwenyewe hajigambi. "Siwezi kuapa kwamba angeumia. Pengine angewazuia wale, tukaingia fainali. Hilo sitalijua, na linanisumbua hadi leo."

Sasa macho yake yako kwa timu ya wanawake, inayotumia uwanja huohuo bila kifaa hata kimoja. Amekubaliana na kocha kwamba siku ambazo wanaume hawachezi, wanawake wavae wao vifaa hivyo. Wataanza Jumapili hii, na nahodha amejitolea kuja kumsaidia kuwavalisha.

"Wale wanagongana vilevile, wanaamka vilevile," anasema huku akifungua kompyuta, kwani refa ameshaingia uwanjani. "Hakuna aliyewahi kuwaambia wamechoka kiasi gani. Nataka waambiwe."