Sidii Iliyogongwa Muhuri

Mama wa maktaba ya mtaani kwetu Temeke alikuwa na ugonjwa wa muhuri. Kitabu, gazeti, ramani, chochote kikivuka mlango tu, kinagongwa. Watu walimwona mkorofi. Mie nilimpenda, maana nilipopunguzwa kazi kiwandani, miaka ile kila kitu kinabinafsishwa, ndugu zangu waliniambia nivumilie. Yeye aliniambia niingie ndani, nikae.

Nilikuwa nimeitwa kwenye usaili wa ukarani, Jumatano, na sharti ujue kuchapa kwa kompyuta. Maktaba ilikuwa nayo moja, ya msaada, haina hata programu ya kuandikia barua. Mwenye duka la steshenari aliyekuwa akifundisha kompyuta alizifungia diski zake za programu kabatini. Hata kuzitazama, nani akuonyeshe!

Basi akatokea mhadhiri mmoja wa Kimara, aliyeanza kuazima vitabu kwa Mama tangu anavaa kaptula. Akaleta sidii. Alisema programu zilizomo zimeandikwa na watu wa nchi nyingi, wakaziacha huria: yeyote azitumie, azinakili, agawe. Neno huria sie tulilijua la soko tu, na soko lenyewe ndilo lililonitoa kiwandani, kwa hiyo nilinuna. Aliiacha pale, akaahidi kurudi Jumamosi kuziingiza.

Jumamosi akaitumbukiza. Kompyuta ikakoroma, ikagoma. Akaitoa, akaigeuza. Upande unaong'aa, ule kompyuta inaousoma, umejaa wino wa zambarau: MALI YA MAKTABA. Upande wa pili ulikuwa na maandishi, Mama akaona vibaya kuyafunika. Nikaisugua kwa mafuta ya taa, ndo kwanza ikazidi kupata ukungu. Mama akakaa, mikono mapajani. Nilitaka kumfokea, nikashindwa, nikabaki kulia kwa hasira. Usaili wangu niliuona unakwenda na maji.

Mhadhiri alicheka, akaondoka. Kesho yake, Mama akatufungulia maktaba japo ni Jumapili, na yule bwana akatoa sidii nyingine. Mama hakuipokea.

"Umempokonya nani?" akauliza.

"Sijampokonya mtu, Mama. Nimenakili. Yangu ipo palepale nyumbani."

Maisha yake yote Mama alikuwa mtu wa kitabu kimoja na foleni ya wanaokisubiri. Alimtaka arudie. Akarudia.

Programu zikaingia. Hadi Jumatano nilishinda kwenye ile kompyuta, Mama akinisomea cha kuchapa na kunigombeza kila nikitazama vidole. Nikaenda kwenye usaili, nikachapa, kazi nikapata.

Nilipokwenda kumuaga nilimkuta ameniandalia nakala ya sidii ndani ya bahasha. Kwa mazoea nikamuuliza niirudishe lini.

"Hairudishwi," akasema. "Hiyo yako. Ukikuta mwenye shida, mnakilie naye."

Mwanamke yule aliwahi kunifuata hadi nyumbani, mvua inanyesha, kudai kitabu kilichochelewa. Nilimkumbatia mbele ya wasomaji wote nikalia kwa sauti, wala hakuninyamazisha.